Njia Nzima ya Mwalimu Erzuah

Kwa miaka thelathini na minne Mwalimu Kabenla Erzuah alifundisha Kiingereza pale Axim, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto aliyezungumza Kinzema, lugha ya kwao, mbele yake mara mbili. Aliyethubutu mara ya kwanza alivishwa shingoni kibao cha mti mgumu, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake katika kosa hilohilo. Mwalimu hakuwa mkatili. Aliamini tu, kwa moyo mweupe, kwamba Kiingereza ni ufunguo wa milango yote ya dunia, na kwamba mwenye ufunguo mzuri hana haja ya kujua kubisha hodi.

Alipostaafu alikabidhi chaki, rejista na kengele. Kibao alikuja nacho nyumbani. Dada yake Ayaba, mjane aliyekuwa akimtunzia nyumba tangu mkewe Mwalimu afariki, alikigeuzageuza, akakisugua kwa majivu, kisha akakipima juu ya mtungi wa maji. Kikatoshea barabara.

"Afadhali," alisema. "Sasa kitazuia inzi."

Kwa mambo mawili tu Mwalimu aliiruhusu lugha ya mama yake iingie sebuleni, kwa maneno machache ya kawaida, kwa sababu alikuwa amejaribu kuyafanya kwa Kiingereza yakagoma. La kwanza, mgeni hapaswi kuulizwa habari kabla hajanywa maji; akiyakataa, basi amekuja na ugomvi. La pili, mgeni hajiondokei hivihivi. Huomba njia, na mwenyeji humpa nusu. Nusu ya pili hubaki kwa mwenyeji, ili mgeni awe na kitu cha kurudia. Njia nzima hapewi mtu, ila yule ambaye hutaki kumtia machoni tena maishani. Mwalimu alikuwa ameitoa mara moja tu, kwa mkaguzi wa elimu aliyemwambia kwamba Kiingereza chake kina lafudhi.

Alikuwa na mtoto mmoja, Kwaw, fundi wa majokofu, mwenye umri wa miaka thelathini na sita na bila mke. Si kwamba wachumba walikosekana. Wa kwanza aliletwa nyumbani Axim, Mwalimu akampa gazeti asome kwa sauti. Wa pili aliandikishwa imla, akapata kumi na moja kwa ishirini. Mwalimu aliziona hizo kuwa alama nzuri kwa msichana ambaye hakujiandaa, na alimwambia hivyo. Msichana alichukua mkoba wake na karatasi yake yenye wino mwekundu, wala hakuomba njia. Baada ya hapo Kwaw alivuka mpaka, akaenda kufanya kazi Grand-Bassam, mji wa upande wa Wafaransa ambao watu wake hawatahiniwi kwa Kiingereza.

Huko akampata Akuba, fundi cherehani. Akapiga simu.

"Baba, huyu ni wa tatu. Ukimfukuza na huyu, mimi sileti mwingine. Nitazeeka na majokofu yangu."

"Nani amemfukuza mtu? Nilisahihisha tu. Watu wake ni nani?"

"Wanzema, Baba. Wanzema kama sisi. Njoo na shangazi mbishe hodi kwa mjomba wake, basi. Mnywe maji, mseme neno lenu, mrudi."

"Wanzema wa Kifaransa," alisema Mwalimu kwa uzito. "Hao si kama sisi."

Kumtafutia mwana mke ni wajibu wa baba, na mkewe alikuwa ameaga dunia huku akimkumbusha wajibu huo. Kwa hiyo Mwalimu alijiandaa kama alivyozoea kujiandaa kwa mtihani wa taifa. Katika sanduku la vitabu lililoachwa na mmisionari mmoja alikuta kitabu cha kumwongoza Mwingereza anayesafiri katika nchi za Wafaransa. Kurasa zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni, lakini katikati zilikuwa nzima, na Mwalimu alizisoma wiki tatu akipigia mistari kwa rula. Kitabu kilikuwa na sentensi za kuomba farasi, za kulalamikia shuka na za kumwita daktari wa meno. Ukurasa wa arobaini na mbili ulikuwa na onyo lenye mstari mara mbili: msafiri asiguse kamwe maji ya wenyeji, ila yale yaliyofungwa kwenye chupa.

Asubuhi ya safari, wakiwa kituoni Elubo, alimgeukia dada yake.

"Ayaba, sikiliza. Tunakwenda kwa watu wastaarabu. Wameandaa mkalimani wa Kiingereza. Sitaki tubwate Kinzema mbele yao kama watu waliotoka porini."

"Na mimi Kiingereza chako nakisikia tu, kukisema sikijui."

"Ndiyo maana utanyamaza. Niapie."

"Mpaka niape?"

"Kwa kaburi la mama."

Ayaba alimtazama kaka yake kuanzia kofia hadi viatu. "Haya," alisema. "Kwa kaburi la mama. Mbele ya watu wale sitafungua mdomo ila kwa kula na kunywa. Lakini usije ukaniambia sikukuonya."

"Hujanionya kitu."

"Hujaniuliza."

Walivuka daraja la mto Tano kwa miguu. Upande wa pili, pale Noé, Mwalimu alimsalimu askari wa forodha kwa Kiingereza kirefu chenye kumtakia afya njema. Askari alimtazama, akaitazama kadi yake ya chanjo, akagonga muhuri bila kunena neno. Mwalimu akauhesabu huo kuwa ushindi wa kwanza.

Ushindi wa pili ulichelewa. Kwenye kibanda cha samaki wa kukaanga alikifungua kitabu chake na kusoma, kwa Kifaransa kilichopangwa silabi kwa silabi, ombi la kikombe cha chokoleti na la kuletewa sanduku lake kutoka ghorofani. Muuza samaki, mama mnene mwenye kitambaa cha njano kichwani, aliinua kijiko kutoka kwenye mafuta na kumwita mwenzake kwa Kinzema.

"Dada, njoo umwone babu huyu. Anahubiri au anaumwa?"

"Mpe samaki. Njaa ndiyo inayohubiri hapo."

Mwalimu alielewa kila neno, jambo ambalo lilimkera. Mtu aliyesafiri kwenda ng'ambo ana haki ya kutoelewa watu. Akafungua ukurasa mwingine. Wakati huo Ayaba alinyoosha kidole kwa samaki wawili, kisha kwa lundo la atieke, zile chenga za muhogo, kisha kwa pilipili, naye akapewa vyote kwenye sahani pamoja na kigoda cha kukalia.

"Ulikula kiapo," Mwalimu alimnong'oneza.

"Kidole hakikuapa. Utakula, au unasubiri chokoleti?"

Hakula. Alinunua chupa mbili za maji zilizofungwa, akazitia ndani ya mfuko wake pamoja na kitabu.

Walifika Grand-Bassam jua likiwa limeanza kupoa. Mjomba wa Akuba, Mzee Tanoh Mélan, alikuwa karani wa posta mstaafu, mtu mrefu aliyevaa koti zito la suti katika joto lile na kulifunga vifungo vyote. Alikuwa ameketi uani katikati ya ndugu zake, mgongo wima. Kulia kwake aliketi dada yake Afiba, mama mdogo wa Akuba, aliyekuwa na macho ya mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Kushoto kwake alikaa mkalimani, Bwana Seyni, mwalimu wa Kiingereza aliyehamia hapo mwezi uliopita kutoka Niger, mtu mwenye moyo mwema kuliko ufasaha wake. Posa za namna hiyo hakuwahi kuziona, na kila kilichosemwa alikitafsiri kwa namna ambayo isingemuumiza mtu.

Wageni wakaketishwa kando ya wenyeji; Kwaw, kwa desturi, hakuwapo. Ayaba akaweka mezani chupa mbili za pombe kali za kubishia hodi, akarudi kwenye kiti chake na kufumba mdomo kama mlango wa kanisa siku ya Jumanne.

"Hiyo suti ya mgeni," Afiba alimwambia jirani yake kwa Kinzema, bila kushusha sauti, "imeshonwa na fundi kipofu."

"Taratibu, atakusikia."

"Atasikia nini? Kwaw mwenyewe amemwambia Akuba kwamba baba yake haongei Kinzema."

Mwalimu aliangalia mbele, akiwa na tabasamu la mtu asiyejua. Mkono wake ulipanda taratibu ukagusa mshono wa bega.

Mzee Tanoh alizungumza Kifaransa laini, kirefu, chenye kupanda na kushuka. Bwana Seyni akakigeuza.

"Mzee yeye anakaribisha wewe, na yeye amefurahi kwa furaha."

"Amefurahi," Mwalimu alisahihisha. "Furaha imo tayari ndani yake. Rudia."

Bwana Seyni, mtu mzima mwenye watoto watano, alirudia. Ndugu wa Mzee Tanoh wakatazamana.

Kisha Afiba akainuka na kuleta maji. Aliyaleta katika glasi nzuri juu ya sahani, akaonja kidogo yeye mwenyewe kama inavyopasa ili mgeni awe na amani, akampa Mwalimu kwa mikono miwili.

Nyumbani kwake Axim, Mwalimu asingehitaji hata kufikiri. Lakini hapa hakuwa nyumbani. Alikuwa katika nchi za Wafaransa, na ukurasa wa arobaini na mbili ulikuwa na mstari mara mbili. Aliinua kiganja kwa adabu, akaingiza mkono kwenye mfuko, akatoa chupa yake, akaifungua na kunywa.

Kuku mmoja alikuwa akipekua chini ya meza. Afiba alibaki na glasi mikononi.

"Ameyakataa," alisema kwa Kinzema, polepole. "Mmeona wote? Ameyakataa maji."

"Basi amekuja na kesi," alisema mtu nyuma.

"Kesi gani? Tumemkosea nini? Au anafikiri tumetia sumu?"

Mzee Tanoh aliinua kidole kimoja. Vijukuu wakaanza kuhamisha viti. Kiti cha Mwalimu na cha Ayaba vikasogezwa kutoka kando ya wenyeji hadi mbele yao, mahali anapokaa mtu mwenye shauri, na zile chupa mbili za pombe zikachukuliwa mezani na kurudishwa miguuni kwa Ayaba, midomo ya chupa ikiwa imegeuziwa ukutani.

"Wanapanga viti vizuri," Bwana Seyni alieleza, "ili upate upepo."

Mwalimu alijua kabisa wanachopanga. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kukiamuru, sebuleni kwake. Jasho likamtoka chini ya kofia. Akamwinamia dada yake na kunong'ona, kwa Kinzema, lakini kidogo sana: "Sema kitu."

Ayaba aligusa midomo yake kwa kidole.

"Nakufungua kiapo."

"Kiapo cha kaburi," alisema naye bila kutikisa midomo, "hufunguliwa kaburini. Ni safari ya siku nzima."

Basi akakimbilia kule alikokuwa amekimbilia maisha yake yote. Alisimama, akakohoa, akatoa kwa Kiingereza maelezo mafupi juu ya usafi wa maji, juu ya viini visivyoonekana kwa macho, na juu ya heshima yake kubwa kwa familia hii. Yalikuwa maelezo mazuri, yenye mwanzo, kiini na hitimisho. Bwana Seyni aliyasikiliza kwa makini, akayapima, akachagua yale aliyoyaelewa, akayapeleka kwa Kifaransa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akamgeukia Mwalimu amhakikishie.

"Nimewaambia hivi: maji yenu yana wadudu wengi, lakini mgeni hana chuki nao."

Afiba aliketi. Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Wadudu! Nyumba yangu! Na Akuba alitaka kwenda kuishi na watu hawa."

Mahali fulani ndani, nyuma ya pazia, palisikika kiti kikisukumwa, na Mwalimu akajua kwamba Akuba alikuwa huko akisikiliza tangu mwanzo. Akamwona akilini Kwaw akiwa na umri wa miaka hamsini, ameinama juu ya jokofu la watu wengine, peke yake.

Mzee Tanoh alisimama. Alisema kwanza kwa Kinzema, kwa watu wake, kisha kwa Kifaransa, kwa mkalimani, na maneno yalikuwa yaleyale.

"Mpeni njia. Mpeni yote. Hadi Noé, hadi darajani, hadi mlangoni kwake. Asituachie hata kipande."

Uso wa Bwana Seyni uling'aa. Hatimaye alikuwa na habari njema ya kutafsiri.

"Mwalimu, Mzee ni mkarimu kupita kiasi! Wewe hujaomba, lakini yeye anakupa njia nzima!"

"Nusu!"

Sauti ilitoka kabla Mwalimu hajajua kuwa ni yake. Ilitoka kwa Kinzema, na tena si Kinzema cha mtu wa miaka sitini na sita. Kinzema cha Mwalimu Erzuah kilikuwa kimesimama palepale alipokiacha, akiwa na miaka saba, siku ya kwanza ya shule. Kwa hiyo mzee mwenye kofia na suti alisimama mbele ya wakwe zake akisema kama mtoto anayekaribia kuchapwa.

"Nusu! Mimi nataka nusu! Njia nzima siitaki! Msinifukuze, wajomba, sirudii tena!"

Hata kuku alisimama.

"Yesu wangu," alisema Afiba. "Kumbe ana mdomo."

"Ana mdomo wa mtoto wa chekechea," alisema jirani yake, akianza kutetemeka mabega.

Mzee Tanoh alikuwa amebaki na mkono hewani. "Wewe. Tangu ulipoingia mlangoni ulikuwa unatusikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Hata habari ya fundi kipofu?" aliuliza Afiba.

"Hata hiyo."

"Basi haina haja ya kurudia. Nilisema kweli."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikazunguka ua, kikamfikia Bwana Seyni, ambaye alicheka kwa adabu bila kujua sababu. Mzee Tanoh peke yake hakucheka. Alikaa, akafungua kifungo cha kwanza cha koti lake, kisha cha pili, kisha vyote, na kwa mara ya kwanza alionekana kupumua.

"Wiki nzima," alisema kwa Kinzema, "wiki nzima ninawaambia watu wa nyumba hii: anakuja bingwa wa Kiingereza, msinitie aibu kwa Kinzema chenu. Nimeazima koti hili. Mkalimani nimemwomba kwa magoti pale shuleni. Na wewe ni mtoto wa Axim!"

"Na mimi nimesoma kitabu wiki tatu," alisema Mwalimu, akitafuta maneno moja moja kama mtu anayeokota shanga. "Kitabu kibaya."

"Leteni maji," alisema Mzee Tanoh. "Glasi imekwisha kutukanwa. Leteni kata."

Afiba akaleta kata ya kibuyu, imejaa hadi ukingoni. Safari hii hakuionja. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili na kunywa yote, wadudu wakiwemo. Akaletewa ya pili, kwa ajili ya nyumba. Ya tatu Afiba alisema ni kwa ajili yake binafsi, na akasimama pale akihesabu kila funda. Viti vikarudishwa kando. Chupa za pombe zikarudi mezani. Ayaba akapewa maji yake, akayanywa taratibu, kwa raha, akafuta midomo.

"Sasa mgeni wetu," alisema Mzee Tanoh, "huku kwetu ni amani. Lete habari."

Na hodi ikabishwa kwa Kinzema cha mtoto wa miaka saba, bila mkalimani, bila mwanzo wala hitimisho: mwanangu ameliona ua lililochanua nyumbani kwenu, tunaomba tusiambiwe hapana. Afiba alimwita Akuba kutoka nyuma ya pazia, akamuuliza mbele ya wote kama chupa zile zifunguliwe. Akuba alimtazama Mwalimu.

"Atanipa imla?"

"Hapana," alisema Mwalimu haraka.

"Basi zifunguliwe."

Walipokuwa wakila, Mzee Tanoh akawa mwepesi wa maneno. Akasimulia kwamba shuleni kwao Wafaransa walimvisha fuvu la tumbili shingoni kwa kosa la kusema Kinzema, na kwamba alitembea nalo wiki tatu kwa sababu hakutaka kumchongea mwenzake. "Jina la mwalimu nimelisahau," alisema. "Harufu ya lile fuvu bado ninayo. Na huko kwenu walikuwa wakivishana?"

Ayaba aliacha kutafuna.

"Kulivishwa vibao," alisema Mwalimu, akichagua, kwa ustadi wa miaka thelathini na minne, sentensi isiyo na mtendaji.

Ayaba alikohoa kwa muda mrefu, mpaka Afiba akampigapiga mgongoni.

Kesho yake asubuhi Mwalimu aliomba njia. Mzee Tanoh akampa nusu, akamwambia nyingine ataikuta hapo siku ya harusi, baada ya sikukuu ya Abissa, naye aje na suti nyingine. Hadi darajani Ayaba hakusema neno. Walipokanyaga upande wa Elubo alishusha mzigo wake.

"Kiapo kimekwisha?"

"Kimekwisha."

"Sirudii tena, wajomba," alisema, kwa sauti nyembamba ya mtoto, akaubeba mzigo na kutangulia.

Jumapili iliyofuata Bwana Amihere, mwalimu mwenzake mstaafu, alipita kupata habari za ng'ambo.

"Vipi, Kiingereza kilikufaa kule?"

"Sana," alijibu Mwalimu. "Kwa Kiingereza unafika popote. Mkalimani tu ndiye aliyehitaji marekebisho kidogo."

"Kufika, unafika," alisema Ayaba kutoka jikoni. "Mwulize aliingiaje."

Mwalimu hakusikia, au alisikia kwa ile namna yake ya kutosikia. Alikuwa ameinama juu ya mtungi, ameinua kile kibao kwa mkono wa kushoto, anachota. Akamletea Amihere maji kwa mikono miwili. Amihere, ambaye alikuwa ametoka kunywa chai nyumbani, akasema asante, hana kiu.

Mwalimu hakuiondoa mikono.

"Kunywa," alisema, kwa Kinzema cha miaka saba, na Amihere, ambaye katika miaka yote ya kufundisha naye hakuwahi kuisikia sauti hiyo, alipokea na kunywa hadi tone la mwisho.